Sufuria Iliyokuwa Uvunguni

Siku nne kabla ya kufariki, mama yangu mzazi aliniita karibu na kitanda chake cha hospitali, akanishika mkono, akaniambia kwamba nyumbani, uvunguni mwa kitanda chake, ipo sufuria ya mama jirani, ile yenye mfuniko uliobonyea upande mmoja, ambayo aliiazima wakati wa kipaimara cha mjukuu wake akasahau kuirudisha. Alitaka irudishwe siku ile ile. Nilimjibu kama ambavyo mtoto yeyote angejibu, kwamba asijisumbue na vyombo, kwamba apumzike kwanza na mambo ya sufuria tutayashughulikia akishapata nafuu. Alinitazama kwa muda, kisha akasema kwa sauti ndogo isiyoyumba: "Mwanangu, mimi nasafiri. Sitaki kusafiri na chombo cha mtu."

Jioni ile nilikwenda nyumbani kwake, nikapiga magoti, nikaivuta sufuria kutoka uvunguni. Ilikuwa imesuguliwa kwa majivu hadi inang'aa na kufungwa ndani ya kanga kuukuu, na ndani yake mlikuwa na mahindi makavu yapata kibaba kimoja, kwa maana kwetu chombo cha kuazima hakirudishwi kitupu. Kumbe hakuwa amesahau kabisa. Alikuwa ameiandaa, halafu ugonjwa ukamwahi. Nilipomkabidhi jirani, alikaa kizingitini akaikumbatia ile sufuria mapajani mwake kama mtu anayempakata mtoto, akaniuliza swali moja tu: "Ina maana mama yako anaondoka?"

Miaka minane imepita tangu jioni hiyo. Nimehudhuria ibada tangu sijajua kusoma, nimesikia mahubiri mengi juu ya uzima wa milele, lakini sina budi kukiri kwamba hakuna hubiri lililonifundisha kuishi leo nikiutazama umilele kama ilivyonifundisha sufuria ile. Umilele niliokuwa nikiufahamu mimi ulikuwa mbali sana. Ulikuwa na njia za dhahabu, parapanda, na ziwa la moto, na kwa sababu ulikuwa mbali kiasi hicho, uliniacha niishi siku zangu za kawaida nipendavyo, mradi Jumapili nimo kanisani. Umilele wa mama yangu ulikuwa na jirani ndani yake, na jirani huyo alikuwa na sufuria yake.

Sisi kwetu ni Wakristo wa Kanisa la Moravian, watu wa Rungwe mkoani Mbeya. Wamisionari wa kwanza wa kanisa hili walifika huko kutoka Ujerumani mwaka 1891, na miongoni mwa desturi walizokuja nazo ipo moja ambayo hadi leo hunifanya niamke usiku wa manane bila kuamshwa na mtu, nayo ni ibada ya alfajiri ya Pasaka makaburini. Ilianzia katika kijiji cha Herrnhut huko Ujerumani mwaka 1732, vijana wa kiume walipopanda kilima cha makaburi kabla ya mapambazuko ili wamwimbie Kristo aliyefufuka wakiwa katikati ya wafu wao. Nilipokuwa mtoto, mama alinishika mkono gizani, umande umelowesha viatu, matarumbeta yakilia mbele yetu, tukaenda kusimama kati ya makaburi tukilisubiri jua. Mchungaji alitamka kwamba Bwana amefufuka, nasi tukaitikia kwamba amefufuka kweli kweli, na mwanga ulipoanza kuonekana nyuma ya mlima niliona kwamba kila mtu amesimama karibu na kaburi la mtu wake.

Katika makaburi ya Herrnhut karibu mawe yote yamelazwa chini, bapa, yenye ukubwa unaolingana, awe aliyelala hapo ni mtu wa cheo au fundi wa viatu. Nimelifikiria sana jambo hilo katika miaka hii, hasa ninapoona tunavyoshindana siku hizi kujengea makaburi vigae na marumaru ilhali marehemu alipokuwa hai hakuwa na godoro. Anayeamini kwamba wote watafufuliwa na Bwana mmoja hana haja ya kuwapimia wafu heshima kwa urefu wa jiwe. Walio hai ndio wanaohitaji heshima hiyo, tena mapema, wangali na masikio ya kuisikia.

Hata hivyo, neno umilele linaweza kuharibika mikononi mwa watu, na sitakuwa mkweli nikilisifu bila kulitaja hilo. Mwezi Aprili mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, yalianza kufukuliwa makaburi ya watu waliofundishwa kwamba wakifunga bila kula hadi kufa watakwenda kuonana na Yesu. Miili iliyofukuliwa ilizidi 400, na wengi walikuwa watoto, ambao hawakuchagua mfungo wowote. Nilizisoma habari hizo nikiwa na mtoto wangu wa mwisho amelala begani kwangu, na kwa siku kadhaa sikuweza kuomba kwa sauti. Watu wale waliambiwa kwamba anayeitamani mbingu lazima aichukie leo, mwili, shule, hospitali na sahani ya chakula, na mafundisho hayo waliyapokea kwa jina la Bwana yule yule aliyewalisha watu elfu tano nyikani kwa sababu hakutaka waende zao na njaa.

Kosa hilo ni la zamani, hata kama matokeo yake si mara zote ya kutisha kiasi hicho. Wakristo wa Thesalonike walisadiki kwamba siku ya Bwana imekwisha kufika, na baadhi yao wakaacha kazi, wakawa wanazunguka nyumba za watu na kujiingiza katika shughuli zisizowahusu. Mtume Paulo, ambaye aliitamani siku hiyo kuliko wote, aliwaandikia kwamba asiyetaka kufanya kazi, asile. Wakati wa kukaa kwake mjini kwao alikuwa amefanya kazi usiku na mchana kwa mikono yake ili asimlemee mtu. Kila nikiusoma waraka ule naona kwamba tumaini la Paulo halikumtoa katika karakana yake. Lilimfanya awe fundi asiyekula chakula cha mtu bure.

Na pwani ile ile ambako watu wa Shakahola walizikwa, safari ya saa chache kusini, Nyali ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, lipo kaburi jingine ambalo linanifundisha kinyume chake. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misioni cha Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosina aliyekuwa mjamzito. Mwezi Julai mwaka huo Rosina alijifungua mtoto wa kike, homa ikawakamata, mama akafa, na baada ya siku chache mtoto naye akamfuata. Krapf, aliyekuwa mgonjwa yeye mwenyewe, aliwazika kisha akawaandikia waliomtuma kwamba sasa kuna kaburi katika pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba walichukulie kuwa ishara ya kuanza kwa kazi. Majuma machache kabla ya msiba alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, lugha aliyokuwa angali akijifunza. Aliendelea, neno baada ya neno, akiwauliza watu wa Mombasa hili mnaliitaje na lile mnalisemaje. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, yeye akiwa amekwisha kufa mwaka mmoja kabla, na Biblia ya Kiswahili ninayoisoma mimi kila asubuhi, ile ya Union Version, ilitoka mwaka 1952. Mtu aliyeamini kwamba mkewe na mtoto wake watafufuka katika mchanga wa Nyali alikaa chini na kalamu akatafuta maneno ambayo mama yangu angekuja kuyasoma zaidi ya miaka mia moja baadaye.

Nimeyaeleza hayo kwanza kwa sababu yaliyobaki yananihusu mimi, na ni magumu kuyaandika.

Wakati mama anaumwa mimi nilikuwa mfanyabiashara wa viazi mviringo. Nilinunua kwa wakulima wa milima ya Uporoto, nikasafirisha kwa lori langu la Fuso hadi Dar es Salaam, na nilinunua kwa lumbesa. Kwa msomaji asiyelijua shamba la viazi, lumbesa ni gunia linalojazwa na kushindiliwa hadi mdomoni, kisha juu yake linaongezewa kipande cha gunia jingine, nacho kinajazwa hadi kinasimama kama kilemba, halafu vyote vinashonwa pamoja kwa kamba na shazia. Mkulima analipwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza, na inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, lakini huko juu milimani, barabara imejaa tope, viazi vimekwisha kuchimbwa, na mkulima anadaiwa ada na mbolea, sheria ni yule mwenye gari. Mwenye gari nilikuwa mimi. Gunia ambalo lingetosha kwa debe sita, wapakiaji wangu walilibebesha debe nane.

Palikuwa na mzee mmoja ambaye nilinunua kwake misimu mitatu mfululizo. Alikuwa na desturi ya kuweka kijiwe ardhini kwa kila debe lililomiminwa guniani, ili asipotewe na hesabu. Wapakiaji walipofikia debe la sita, safu yake ya kwanza ilikuwa imetimia, naye alianza safu nyingine chini yake, kijiwe kimoja, viwili, huku akiniangalia. Hakunigombeza hata siku moja. Gunia likishashonwa aliviokota vijiwe vyote vinane, akavipukuta udongo, akavitia katika mfuko wa koti lake, akasogea kwenye gunia linalofuata. Nami nilimlipa, nikamwambia "Mungu akubariki, mzee", na nilikuwa namaanisha. Jumapili nilikuwa nikiimba kwaya.

Nilitaka sana kuamini kwamba hiyo ni biashara tu, kwamba wote wanafanya hivyo na kwamba nisipofanya mimi atafanya mwingine. Hoja hiyo ilinitosha kwa miaka mingi, na najua inawatosha wengi wanaosoma hapa, iwe kazi yao ni viazi, saruji, mafuta ya taa, mitihani ya wanafunzi au mafaili ya ofisini. Ilikoma kunitosha usiku wa msiba wa mama. Watu walipokuwa wakiimba sebuleni, mama jirani alikuja na ile sufuria, akapikia humo chai ya waombolezaji, na nilipopokea kikombe changu mkono ulianza kunitetemeka, kwa maana niliona vijiwe vinane waziwazi kama nilivyokuwa nikiviona shambani. Mama amesafiri bila sufuria ya mtu. Mimi ningesafiri na nini?

Yapo maneno katika waraka wa Yakobo ambayo nilikuwa nimeyasoma mara nyingi bila kuyasikia: "Angalieni, ujira wa wakulima waliovuna mashamba yenu, ninyi mliouzuia kwa hila, unapiga kelele, na vilio vyao waliovuna vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi." Wakulima. Waliovuna. Kwa hila. Nilihisi kana kwamba yule mtume aliwahi kusimama kando ya Fuso langu. Katika sura inayotangulia, Yakobo anasema na wafanyabiashara wanaopanga kwenda katika mji fulani, kukaa mwaka mzima na kupata faida, akiwakumbusha kwamba wao ni mvuke uonekanao kwa kitambo kisha hutoweka. Zamani nilidhani kwamba anawakemea kwa kuwa na mipango. Sasa nadhani anawaonya kwamba mvuke hauna muda wa kudhulumu na kutubu baadaye.

Nilikuwa na madaftari yangu yote ya ununuzi, kwani kwa mambo ya hesabu nilikuwa mwangalifu. Nikayafungua, nikaandika majina ya wakulima ambao nilinunua kwao zaidi ya msimu mmoja na ambao ningeweza kuwatafuta, yakawa majina 11. Kwa yule mzee nilikuwa nimenunua magunia 60 katika misimu mitatu, debe mbili za ziada katika kila gunia, maana yake debe 120, sawa na magunia 20 ambayo sikuyalipia hata senti. Zakayo, yule mtoza ushuru, alipokutana na Yesu alisema: "Ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Sikuwa na mara nne. Niliuza Fuso, nikalipa mkopo wa benki uliokuwa umebaki juu yake, na kilichosalia nikakigawa kwa majina yale 11 kwa bei ya viazi ya mwaka huo. Hesabu ya mzee ilikuja shilingi 1,400,000.

Kabla ya kuanza safari hizo nilimwendea mchungaji wangu, na jambo aliloniuliza liliniudhi wakati ule, ingawa leo namshukuru. Aliniuliza kama najaribu kununua nafasi mbinguni kwa fedha ya gari. Tulikaa ofisini kwake hadi taa zikawashwa. Alinionyesha kwamba katika habari ya Zakayo, Yesu alimwita kwa jina na kusema atakaa nyumbani mwake kabla Zakayo hajarudisha kitu chochote, na kwamba mkono wa Zakayo ulifunguka kwa sababu alikwisha kupokelewa. Nililijua fundisho hilo tangu darasa la kipaimara. Lakini lipo jambo ambalo unalijua kwa kulikariri na lipo lile ambalo unalijua ukiwa na bahasha yenye fedha za watu mfukoni, na ni katika hali hiyo ya pili ndipo niliposadiki kwamba nimesamehewa bure. Mtu aliyesamehewa bure anaweza kumtazama mkulima usoni na kumwambia nilikuibia. Asiye na uhakika huo lazima ajitetee.

Nilifika kwa mzee mwezi Agosti, kipindi cha baridi kali huko juu. Nilimkuta mkewe nje, ameketi juu ya kigoda, anachambua viazi vya mbegu. Nikamwamkia: "Shikamoo mama." Akaitika: "Marahaba mwanangu, karibu", akanisogezea kiti kabla ya kuniuliza nimetoka wapi. Nilipomuulizia mzee alinyamaza kidogo, akaniambia kwamba ni mwaka wa pili sasa tangu walipomzika.

Nilimweleza kila kitu. Sikuwa nimejiandaa kuyasema kwa mtu mwingine, kwa hiyo maneno yalitoka vibaya, mengine mara mbili. Alinisikiliza bila kuacha kazi yake, kiazi kimoja upande huu, kingine upande ule. Nilipomaliza alimwita mwanawe mkubwa, akaniambia niyarudie yote mbele yake, nami nikayarudia. Kisha alileta ungo, tukazihesabu zile noti juu ya ungo, yeye, kijana wake na mimi, na upepo ulipovuma alizikandamiza kwa kiazi. Baada ya hesabu kutimia nilimwomba anisamehe. Alinijibu kwa upole, bila uchungu wowote ambao ningeweza kuuona: "Fedha nimezipokea, mwanangu, na Mungu akulipe. Lakini neno la kusamehe hilo lilikuwa lake, na yeye hayupo."

Alinipa chakula, nikala. Baadaye kijana alinipeleka nyuma ya nyumba, kwenye tuta la udongo lenye msalaba wa mbao pembeni mwa migomba. Sikusema na marehemu, kwa maana imani yetu haituruhusu kuwaomba wafu. Nilisimama pale nikamwomba Mungu ambaye mbele zake mzee yule yu hai.

Maneno ya mama yule nimeishi nayo hadi leo, na sasa naweza kusema ni kitu gani kilichobadilika ndani yangu. Zamani nilipoufikiria umilele nilijiona mimi peke yangu mbele ya kiti cha enzi. Sasa namwona na mzee yule. Alikuwa Mkristo, mzee wa usharika wake, na kama ahadi za Kristo ni za kweli, nami nazisadiki kwa moyo wangu wote, basi tutafufuliwa pamoja, naye atakuwa na macho yale yale yaliyoniangalia juu ya safu ya pili ya vijiwe. Watu ninaowapimia leo ndio nitakaoishi nao milele. Mke wangu, ambaye nilikuwa nikimjibu kwa mkato nikiwa na simu mkononi, nitakuwa naye huko. Ndugu yangu, ambaye tulikaa miaka sita bila kusemezana kwa sababu ya mpaka wa shamba wenye upana wa hatua mbili, nitakuwa naye huko, na nilipoliona hilo mpaka ule ulikosa uzito wote niliokuwa nimeupa, nikampigia simu jioni hiyo hiyo. Dada anayetusaidia kazi za nyumbani anakula mezani petu sasa, na nasikitika kwamba ilinibidi kufikiria kwanza karamu ya Mwana-Kondoo ndipo nimwekee kiti.

Paulo aliwaambia Wakolosai wayafikiri yaliyo juu, wala siyo yaliyo katika nchi, na wapo wanaolishika neno hilo na kuliishia hapo. Lakini mtu akiendelea kusoma waraka ule ule atakuta kwamba anayeyafikiri yaliyo juu anaambiwa mara moja habari za hasira, za uongo, za mume na mke, za baba asimkatishe mtoto tamaa, na mwishoni anaambiwa mwenye watumwa awape yaliyo haki, akijua kwamba yeye naye anaye Bwana mbinguni. Mbingu ndiyo sababu anayoitoa Paulo ya kumtendea haki mtu wa chini. Sijui kwa nini wahubiri wetu wengi huacha kusoma kabla ya kufika hapo, lakini naona kwamba tunapoteza kitu kikubwa kwa kuacha.

Bado nauza viazi. Nakodi gari la mtu, na ninasafiri na mizani yangu ya kuning'iniza ambayo hufungwa kwenye tawi la mti au boriti ya nyumba, mkulima akisoma namba mwenyewe na kulipwa kwa kilo. Faida yangu imepungua sana. Wapo wakulima ambao huwauzia wenye lumbesa kwa sababu wao hufika mapema na fedha taslimu, na siwalaumu, kwa maana ada ya shule haingoji mizani. Kuna misimu miwili nimerudi nyumbani na hasara, na mke wangu amevumilia mengi ambayo sitayaandika hapa. Sitaki mtu yeyote aambiwe kwamba kuishi leo kwa kuutazama umilele kutamjaza mifuko. Nilichopata ni usingizi, na asubuhi ninapoomba pamoja na Musa katika Zaburi ya 90, "Basi, utujulishe kuzihesabu siku zetu, tujipatie moyo wa hekima", siogopi tena hesabu hiyo.

Kati ya majina yale 11 nimekwisha kuwafikia wenyewe au jamaa zao wanane. Wawili walikufa na sijapata mtu wa ukoo wao, na sehemu yao niliikabidhi kwa usharika wa kijiji chao kwa ajili ya wajane, ingawa moyo wangu haujatulia sana juu ya hilo. Amebaki mama mmoja ambaye alihama baada ya mumewe kufariki, na mwezi uliopita nilipata namba yake kupitia kwa mpwa wake. Anaishi Tunduma. Nilipompigia alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia kwa mashaka kwamba hanikumbuki, wala hakumbuki kwamba kuna mtu anayemdai au anayedaiwa naye, na akaniuliza kama mimi si tapeli. Nimemwomba anipokee Alhamisi hii, naye amesema atakuwa na kaka yake. Nitakwenda na bahasha, na nitakwenda na daftari la mwaka ule, lenye jina lake, tarehe, na idadi ya magunia kwa mwandiko wangu mwenyewe, ili ahesabu pamoja nami.